Chui Milia Hana Hatia

Hapana njia nyepesi ya kumwachilia mwuaji kuliko kusema kwamba marehemu ajali yake ilikuwa imefika. Neno hilo likisha kutamkwa, haulizwi tena mkuki ulirushwa na nani, wala ni nani aliyekuwa akimnong'oneza mrushaji sikioni. Hivi ndivyo wasomaji wengi, na waalimu wao, na mabwana waongozao michezo jukwaani, walivyoutenda mchezo wa Jean Giraudoux uitwao La guerre de Troie n'aura pas lieu, yaani Vita vya Troya Havitatokea, ulioonyeshwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi wa Novemba 1935. Wameufanya mchezo wa majaliwa. Wasema: tazameni jinsi mwanadamu ajitahidivyo, na jinsi majaliwa yampitavyo mbio, Hector ataka amani, Ulysses yu tayari kuijaribu, na vita vyaja vile vile. Kisha huinuka vitini, huvaa makoti yao, huenda zao nyumbani na huzuni tamu, na hapana hata mmoja wao aliyeshitakiwa.

Mimi nadai kinyume chake. Nadai kwamba mchezo huu ni hati ya mashitaka, na washitakiwa wametajwa ndani yake kwa majina na kwa kazi zao. Kazi hizo ni mbili: kutunga mashairi na kufafanua sheria. Anayeusoma asione hivyo, ama hakuusoma, ama ana sababu zake.

Hadithi yenyewe ni ya kale na wengi waijua. Paris, mwana wa Priam mfalme wa Troya, alimchukua Helen, mke wa mfalme mmoja wa Wayunani, akamleta kwao ng'ambo ya bahari. Wayunani wakapanga merikebu kumfuata. Wakapigana miaka kumi hata mji ukaanguka. Homer aliimba sehemu ya vita hivyo, na baada yake Wayunani wenyewe hawakuchoka kulirudia jambo hilo. Mwaka 415 kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa, Euripides aliwaonyesha watu wa Athens wanawake wa Troya wakigawanywa kuwa watumwa. Na haikuwa imepita hata miaka miwili tangu watu wa Athens wenyewe kuwaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwauza wake zao na watoto wao. Sartre aliuchukua mchezo huo akaupa Kifaransa kipya mwaka 1965, hali majeraha ya vita vya Algeria yangali mabichi. Sina ugomvi na michezo hiyo, ni mikubwa. Lakini yote miwili yaanza mji umekwisha kuanguka, na aliaye juu ya majivu hana tena la kuamua. Giraudoux alichagua saa nyingine. Alichagua siku moja tu kabla ya mkuki wa kwanza: milango ya vita yangoja kufungwa, merikebu za Wayunani zaonekana pwani, na kila neno litamkwalo laweza bado kuzuia au kuharakisha.

Wala hakuwa mtu wa kuvisikia vita kwa masimulizi. Alijeruhiwa kwao Ufaransa mwaka 1914, akajeruhiwa tena Dardanelles mwaka 1915, penye mlango wa bahari ambao Troya ya kale ilikuwa ng'ambo yake. Baadaye alifanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje, akazijua tabia za mabalozi.

Tumwanze huyo chui. Christopher Fry aliufasiri mchezo kwa Kiingereza, nao ukachezwa London na New York mwaka 1955 kwa jina la Tiger at the Gates, Chui Milia Malangoni. Tafsiri ni nzuri. Jina ni msiba. Jina la Kifaransa ni neno la Andromache, mke wa Hector, mwenye mimba, ambaye ndiye afunguaye mchezo kwa kusema kwamba havitatokea. Ni neno la mtu mwenye kutumaini, nalo lamchoma msikilizaji kwa kuwa yeye ajua kwamba vilitokea. Jina la Kiingereza lamwondoa mwanadamu malangoni na kumweka mnyama mahali pake. Ni kweli Cassandra amtaja mnyama huyo: asema majaliwa ni kama chui milia aliyelala. Shida ni kwamba wasomaji hukoma kusikiliza hapo. Chui huamshwa na nini? Kwa maelezo ya Cassandra mwenyewe, huamshwa na matamko. Huchokozwa na maneno ya watu wajigambao kwamba ulimwengu na uendeshaji wake ni mali yao. Na huyo huyo Cassandra, ambaye hadithi yampa macho ya kuona yajayo, akana kwamba aona lolote. Asema yeye huuhesabu tu upumbavu wa watu, na upumbavu wa vitu vya asili. Ni mpiga ramli gani anenaye hivyo? Huyu ni karani wa hesabu.

Itazame na miungu. Karibu na mwisho wa mchezo, Iris, mjumbe wao, ashuka na ujumbe wa namna tatu. Aphrodite akataza Paris na Helen wasitenganishwe. Pallas aamuru watenganishwe. Zeus, mkubwa wa wote, ataka Hector na Ulysses wawatenganishe bila kuwatenganisha, na wasipoweza, vita. Baraza la mbinguni limegawanyika, na kesi imerudishwa chini kwa watu. Ikiwa hayo ndiyo majaliwa, basi majaliwa yameikataa kazi.

Basi ni nani aliyemwamsha chui? Giraudoux amwonyesha kwa kidole. Demokos ni mshairi, mtu mwenye kiti cha heshima katika baraza la wazee. Yeye hatakwenda vitani, umri wamlinda. Walakini hana raha mpaka vita vipate wimbo, maana kwa maoni yake vita visivyo na wimbo ni fedheha kwa mji. Ataka kuvifananisha na uso wa Helen, na kwa ajili hiyo amwomba binti huyo atulie mbele yake, ili amtazame huku akitunga. Tena alalamika kwamba watu wa Troya hawajui kutukana. Wayunani, asema, kabla ya kurushiana mikuki hurushiana majina ya wanyama. Kwa hiyo ashauri pawe na mashindano ya matusi, askari wasije wakaingia vitani midomo mitupu.

Watazamaji hucheka, na ni haki yao. Lakini sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tusicheke kwa sauti kubwa mno. Muyaka bin Haji, fahari ya ushairi wa Mombasa, alikuwa ulimi wa Mazrui katika ugomvi wao na Seyyid Said, na kejeli zake zilikuwa silaha miongoni mwa silaha. Leo twazisoma kwa utamu wa lugha, na utamu upo, tena mwingi. Ni wachache waulizao ni vijana wangapi waliokwenda vitani hali wamelewa utamu huo.

Katika Troya yuko mtu mmoja asiyelewa. Hecuba, mke wa Priam, alipoulizwa yeye avifananisha vita na nini, alitaja nyuma ya nyani jike aliyepanda mtini. Waswahili husema nyani haoni kundule; bibi huyu mzee aliliona kwa niaba ya mji mzima. Wako walioona kwamba jawabu hilo ni utovu wa adabu usiofaa jukwaani. Adabu ya Demokos ndiyo iliyofaa, kwa kuwa ilikuwa na mizani!

Wanawake katika mchezo huu wana kazi ya kuvivua vita nguo ambazo wazee wamevivika. Priam amwambia Andromache kwamba ushujaa wa wanaume ndio uwafanyao waume wastahili wake zao. Naye amjibu kwamba walio mashujaa ndio wafao vitani, na arudiye hai ama alikuwa na bahati kubwa, ama kwa uchache mara moja alikiinamisha kichwa mbele ya hatari. Na Hector, mume wake, aliyetoka vitani jana tu, afanya jambo la namna hiyo hiyo mbele ya milango. Desturi yamtaka awahutubie maiti wa vita vilivyokwisha, awasifu. Akataa kuwasifu wote kwa pamoja. Asema miongoni mwa wafu wamo waoga kwa kadiri ile ile ya walio hai, na hawezi kuwapa heshima moja kwa kuwa tu wamekufa. Hotuba hiyo yapaswa kusomwa katika kila mji wenye nguzo ya ukumbusho wa vita, ijapokuwa sidhani kama itaruhusiwa.

Mshitakiwa wa pili ni Busiris, mtu wa Syracuse, bingwa wa sheria za mataifa. Awaeleza wazee kwamba Wayunani wamevunja sheria: bendera zao zimepandishwa mahali pasipostahili, na merikebu zao zimeingia kwa mpango wa kukabili. Kwa hayo mji umetukanwa, na heshima yake yadai vita. Hector ambana na kumtisha. Na papo hapo bingwa yule yule, kwa ulimi ule ule, agundua kwamba bendera ile ni salamu ya mabaharia kwa wakulima, na mpango ule wa merikebu ni adabu ya mgeni. Sheria haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni hofu ya mwanasheria.

Hapa ndipo pa kukumbusha jambo ambalo wausifuo mchezo huu hulisahau, nasi Waafrika hatuna ruhusa ya kulisahau. Watu wa Paris walipokuwa wakimcheka Busiris, vita vilikuwa vimekwisha kutokea. Majeshi ya Italia yalivuka mpaka wa Uhabeshi tarehe 3 Oktoba 1935, wiki saba hivi kabla ya pazia kufunguliwa mara ya kwanza. Asili ya ugomvi ilikuwa visima: mapigano ya Walwal, mwezi wa Desemba 1934. Wasuluhishi wakaketi, Italia ikapinga wasiliguse swali la mpaka, yaani visima vile vi katika nchi ya nani, na mwezi wa Septemba 1935 wakatoa hukumu kwamba hapana upande wenye lawama. Mwezi mmoja baadaye ilinguruma mizinga. Shirikisho la Mataifa, lililokuwa na makao yake Geneva, likaamua kwamba Italia imevunja ahadi, na vikwazo vya biashara vikaanza tarehe 18 Novemba 1935, katika juma lile lile au linalofuata ambalo Busiris alipanda jukwaani. Lakini mafuta hayakutiwa katika orodha ya vikwazo, wala Mfereji wa Suez haukufungwa. Merikebu zenye askari zikapita. Kuanzia Desemba ndege zikawanyeshea Wahabeshi gesi ya haradali, ambayo mkataba wa 1925 uliikataza. Addis Ababa ikatwaliwa tarehe 5 Mei 1936. Na Haile Selassie aliposimama Geneva tarehe 30 Juni kunena habari za watu wake, waandishi wa magazeti wa Kiitalia wakampigia miluzi.

Sidai kwamba Giraudoux alikusudia Walwal. Nadai kwamba asemaye mchezo huu ulitabiri vita vya 1939, na kuishia hapo, asoma kalenda ya Ulaya peke yake.

Na Demokos je? Naye alikuwa hai, mwenye jina na anwani. Filippo Tommaso Marinetti, mshairi wa Italia, tangu mwaka 1909 alikuwa akihubiri kwamba vita huusafisha ulimwengu. Mwaka 1929 alipewa kiti katika Akademia ya Italia iliyoundwa na serikali ya Mussolini; kwa hiyo naye alikuwa mtu wa baraza. Vita vya Uhabeshi vilipokuja alitoa tangazo la kuvisifu uzuri wake, akajitolea kwenda mwenyewe, na mwaka 1937 akatoa kitabu kizima cha utungo juu ya kikosi alichopigana nacho. Kwa jambo moja amzidi Demokos: alikwenda. Kwa mengine ni pacha wake. Mtu akiniambia kwamba Demokos ni kikaragosi kilichotiwa chumvi ili watu wacheke, nitamwomba asome tangazo hilo, kisha anionyeshe chumvi iko katika kipi kati ya viwili.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba vita havitoki katika mashairi. Vyatoka katika mali. Hoja hiyo imo ndani ya mchezo, nayo amepewa mtu mwenye akili kuliko wote, Ulysses. Anapozungumza na Hector faraghani aeleza bila kificho: Troya ina mahekalu yenye dhahabu nyingi mno na mashamba yenye mavuno mengi mno, na Wayunani wamebanana juu ya mwamba. Helen ni kisingizio. Nakubali yote. Lakini fikiri, msomaji: mkulima wa Kiyunani atakubali kuifia ngano ya Troya akiambiwa kwamba ni ngano? Atauliza ni magunia mangapi yatakayofika nyumbani kwake. Ili asiulize, ngano haina budi kuvikwa uso wa Helen, na nguo hiyo haishonwi na mfanya biashara. Mfanya biashara humwajiri fundi.

Tena Ulysses huyo huyo, ajuaye hesabu zote za dhahabu na ngano, akubali kujaribu kuidanganya ajali na kurudi merikebuni na Helen kwa amani. Sababu yake ni ndogo hata ya kuchekesha: Andromache hupepesa kope kama Penelope, mkewe aliyemwacha nyumbani. Basi hata mali haikuwa imekwisha kuamua. Palikuwa na nafasi, nyembamba kama ukope, lakini ilikuwako.

Yafuatayo yatazamwe kwa utulivu, maana ndiyo kiini cha mashitaka. Oiax, Myunani mlevi, amsumbua Andromache. Hector, mkuki mkononi, ajizuia. Oiax aenda zake. Hatari imepita. Ndipo Demokos aingia akipiga kelele kwamba mji umeaibishwa, kwamba Helen arudishwa, na awaita watu kwa wimbo wake wa vita. Hector amchoma mkuki. Pazia laanza kushuka, na kwa nukta chache mtazamaji aamini kwamba amani imepatikana. Lakini Demokos hajakata roho. Apaza sauti kwamba mwuaji wake ni Oiax. Hector amtaka akiri kweli, hakubali. Watu wamkimbilia Oiax na kumwua, na pazia lililokuwa likishuka lapanda tena. Milango ya vita yafunguka. Cassandra atangaza kwamba mshairi wa Troya amekufa, na sasa ni zamu ya mshairi wa Wayunani. Huyo ni Homer.

Hapana mungu aliyeguswa katika mambo haya, wala hapana chui. Pana uwongo wa mshairi, na umati usiotaka kungoja ushahidi.

Hector naye hana mikono safi, na hapa naachana na wale wamfanyao walii. Mtu huyu alilivumilia kofi la Oiax shavuni mwake mbele ya watu. Lakini neno la mshairi hakulivumilia, akalijibu kwa chuma. Mkuki ulimwua mtu ukauacha uwongo hai, tena ukaupa heshima ambayo hukuwa nayo: heshima ya neno la mwisho la mtu afaye. Serikali zipendazo kuwafunga watunga mashairi kwa jina la amani zisitafute msaada katika mchezo huu.

Iko hoja moja ya wapinzani ambayo ni nzito kweli. Mwezi wa Julai 1939 serikali ya Daladier ilimweka Giraudoux kuwa Kamishna Mkuu wa Habari. Kazi yake ikawa kuyapanga maneno ya taifa linaloingia vitani, na vita vilipoanza sauti yake ilisikika redioni. Mwaka huo huo alitoa kitabu, Pleins pouvoirs, ambamo aliandika maneno ya aibu juu ya wageni waliohamia Ufaransa, na hasa juu ya Wayahudi, wakati ambapo Wayahudi wengi walikuwa wakimkimbia Hitler. Je, wauliza wapinzani, huyu ndiye atufundishaye habari za Demokos? Nami nauliza: nani afaa zaidi kutoa ushahidi wa jambo hili kuliko yeye? Sikumwita mwalimu. Namwita shahidi. Mtu aliyemchora Demokos kwa undani ule hakumkuta sokoni. Alimjua kwa kukaa naye nyumba moja. Mchezo wake ulimfahamu miaka minne kabla hajachukua kiti chake barazani, nao ukamwandikia hukumu yake kwa mkono wake mwenyewe. Yeye na Marinetti wote wawili walikufa mwaka 1944, mmoja Januari na mwingine Desemba, vita vikingali vyaendelea.

Ndiyo sababu tafsiri ile ya majaliwa hainiudhi kwa ujinga wake tu. Yaniudhi kwa kuwa yatufaa sisi mno, sisi tulao mkate wa maneno: tuandikao katika majarida kama hili, tufundishao, tutungiao sherehe za serikali na misiba ya wakubwa. Ikiwa chui ndiye aliyeingia mjini, basi kalamu zetu zi safi.

Harold Pinter alipouongoza mchezo huu London mwaka 1983 ulichezwa kwa jina lake lenyewe, la Andromache. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, zimebaki mbili. Ya kwanza, atakayeufasiri kwa Kiswahili asimfanye Demokos kuwa mzee wa kuchekwa, mwenye sauti ya mbuzi na kanzu iliyopinda. Ampe sauti bora kuliko zote jukwaani. Ampe mashairi yaliyotimia vina na mizani, yenye kiitikio chepesi, hata watu ukumbini wajikute wamekwisha kukiitikia kabla hawajayapima maneno yake. Ya pili ni ya kiongozi wa mchezo: pazia lipandapo mara ya mwisho, taa za ukumbini ziwashwe zote, na wale wampigiao Oiax kelele za kuuawa wasitokee nyuma ya jukwaa. Watoke vitini, miongoni mwa watazamaji.